Duara la Baghdad

Tarehe 14 Januari

Kwako Chiriku, mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Ukiniuliza hali, mimi mzima. Goti tu linalalamika, lakini nimelikataza. Shangazi yako mzima na kelele zake nzima. Paka amezaa ndani ya ndoo yangu ya zana, nimemwachia ndoo, zana nimezilaza chini ya kitanda. Paa la jirani limevuja tena. Nilimwambia tangu mwanzo fundi wake hajui kazi, akaniona nina wivu, sasa analala na sufuria kifuani. Habari za huku ndizo hizo.

Barua hii naandika mwenyewe. Shangazi yako alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia mkono ulioshika mwiko kabla yeye hajazaliwa hauwezi kushindwa na kijiti cha wino. Herufi zikipinda zisome hivyo hivyo. Na usinipigie simu. Simu yako inanong'ona kama mtu anayesengenya.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Umeniandikia kwamba umepewa darasa la saba B uwafundishe historia ya Waislamu wa mwanzo, miji yao na elimu yao, na watoto wanalala. Na kwamba mwalimu mkuu amekupa muhula huu mmoja tu. Wakiamka, somo ni lako. Wasipoamka, vipindi vyako vinakwenda kwa mwalimu wa hesabu na wewe unapelekwa kutunza stoo ya vitabu. Stoo! Mjukuu wangu mimi akahesabu chaki! Haiwezekani, na haitakuwa.

Kosa lako nalijua. Unawapa miaka na majina ya watawala, fulani akafa akaja fulani. Hata mimi ningelala, na mimi si mtu wa kulala ovyo. Wape kitu cha kushika. Huo mji wa Baghdad uliouandika, uliojengwa duara kama sinia, ndio dawa yao. Ila hiyo habari kwamba khalifa alichora msingi kwa majivu, kisha akapanga mbegu za pamba juu yake, akamwaga mafuta, akawasha moto ili auone mji wake, hiyo siikubali. Mwashi gani anawasha moto ili aone msingi? Ni kuharibu mafuta. Waambie wanafunzi wako kwamba babu yako amekataa.

Fanya hivi. Nenda kwenye uwanja wa shule, piga kigingi katikati, funga kamba ya katani, iloweshe vizuri kama ninavyoilowesha mimi, ivute ikaze, zunguka nayo huku unamwaga majivu. Utarudi pale pale ulipoanzia. Nimejenga nusu ya mji huu na hakuna ukuta wangu hata mmoja ulioinama, kwa hiyo usiulize mtu mwingine.

Ni mimi babu yako, ambaye hajakosea bado.

*

Tarehe 2 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Salamu zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi sijambo. Chumba changu kimepata pazia, sasa jua halinichomi tena usoni asubuhi, ila nachelewa kuamka. Mwenye nyumba anasema maji yatatoka kesho, na kesho yake haijafika tangu nihamie. Msalimie sana shangazi, na paka, na wanawe.

Babu, barua yako niliisoma darasani. Sikukuomba ruhusa, nisamehe. Nilipofika pale uliposema umekataa, mtoto mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye dawati, akauliza, "Mwalimu, babu yako anaweza kukataa kitabu?"

Nikamwambia, "Anakataa hata hali ya hewa."

Wakacheka. Kuna msichana wa mbele wenzake wanamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa mabishano hata na mpishi wa shule. Akasimama. "Tupe hicho kitabu, mwalimu. Tunamjibu sisi wenyewe."

Wameomba kitabu, Babu! Watoto wale wale! Wamesoma sura nzima wakikutafutia jibu. Wanasema hivi: habari ya moto imesimuliwa na wanahistoria wa zamani, hawakuitunga wao. Mji ulikuwa na malango manne, kila lango likaitwa kwa mahali njia yake inapoelekea: Sham, Kufa, Basra na Khurasan. Katikati palikuwa na kasri na msikiti. Na wamekuta simulizi nyingine wakaona itakuudhi, wakasisitiza niiandike: inasemekana imamu Abu Hanifa alisimamia hesabu ya matofali ya mji huo, na badala ya kuyahesabu moja moja, akalipima rundo kwa ufito.

Wakili naye ana swali lake. Anauliza, je, babu amewahi kujenga nyumba ya duara?

Mwezi ujao tutachora mji uwanjani kama ulivyoagiza. Mwalimu mkuu amekubali kuja kutazama. Tuombee.

Mjukuu wako, Chiriku.

*

Tarehe 17 Februari

Chiriku,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Shangazi yako kanunua kufuli jipya akapoteza ufunguo siku hiyo hiyo, tumelala mlango ukiwa umeegemezwa kiti. Goti limenyamaza. Unaona? Ni kulisemesha vizuri.

Waambie hao watoto wako wamejitahidi, lakini sijashindwa. Imamu wa watu wote wale aache vitabu vyake akapime matofali kwa ufito? Sikubali. Kipimo chenyewe ni sawasawa, hilo sikatai, ukiyapanga matofali vizuri unapima urefu na upana na kimo na unajua yako mangapi bila kugusa hata moja. Aliyefanya hivyo alikuwa mwashi, na mwashi mzuri. Pengine alikuwa na ndevu kama za imamu, watu wakachanganya.

Maswali mengine yote nimeyasoma. Moja wino ulikuwa umefifia, sikuliona vizuri.

Kuhusu hiyo siku ya mwalimu mkuu, sikiliza kwa makini. Kamba iloweke usiku kucha. Usiku kucha! Kamba kavu ni kamba ya mvivu. Iliyolowa inashika majivu, haipeperuki, inanyooka kama neno la kweli. Mwalimu mkuu akiona duara lile atakuuliza umejifunza wapi. Mwambie.

Babu yako, mwenye timazi ya kunyooshea kuta kichwani.

*

Tarehe 6 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo na ufunguo umepatikana. Mimi nilikuwa na mafua, yamepungua.

Nitasema tu. Duara halikufunga.

Tuliloweka kamba usiku kucha kama ulivyotaka. Asubuhi tukapiga kigingi, mtoto mmoja akashika mwisho wa kamba, mwingine akamfuata na ndoo ya majivu. Uwanja wetu ni mkubwa, jua lilikuwa kali, na kila mtoto alitaka zamu yake ya kumwaga, kwa hiyo tukachukua karibu asubuhi yote. Tulipokaribia mwanzo wetu, mstari ulipita nje yake. Si kidogo, Babu. Ng'ombe angeweza kupita katikati.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale na suti yake. Akaufuata mstari kwa macho hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hii Baghdad yenu mbona ni konokono?"

Watoto wa madarasa mengine walikuwa madirishani. Unaweza kufikiri kelele zilivyokuwa. Sasa kila nikipita uwanjani kuna mtu anatambaa akijiwekea vidole viwili kichwani kama pembe.

Ameniita ofisini. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba mimi ni mchapakazi lakini pengine historia si yangu. Muhula ukifungwa ataandika ratiba mpya. Kama hataona kitu chenye maana kabla ya hapo, vipindi vinakwenda kwa mwalimu wa hesabu. Aliponitoa mlangoni alikuwa tayari ameshika rula na kalamu.

Wewe ulisema hujakosea bado. Mimi nilikuamini, na watoto walikuamini kuliko mimi. Sina la kuongeza leo.

Chiriku.

*

Tarehe 29 Machi

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo tena. Sijapata jibu lako. Nilikuandikia kwa hasira, na barua ya hasira ingefaa ilale nyumbani kwanza. Kama nilikukosea adabu, unisamehe. Mafua yameisha. Maji yalitoka siku moja, tukakaribia kupiga picha.

Shangazi amenipigia simu. Sikumuuliza kitu, kaanza mwenyewe. Anasema uwanja wa nyuma umechorwa majivu kutoka kwenye choo hadi kwenye kamba ya nguo, kwamba ulishinda juani na kigingi na kamba mbichi, na kwamba jirani wa paa bovu aliamka akakuta duara la majivu limemfikia ukutani kwake akadhani amerogwa. Anasema kesho yake ulilifagia, ukachora jingine. Na la tatu. Anasema hukutaka kula.

Sikuulizi chochote, Babu. Nakupa habari tu.

Wakili hakukubali kuitwa konokono. Alichukua ile kamba, akaipima imelowa, akaianika, akaipima imekauka. Imekuwa ndefu zaidi. Ilipokuwa inakauka mikononi mwetu ilikuwa inarefuka, na sisi tunazidi kwenda nje bila kujua. Akaniambia, "Babu hakukosea, mwalimu. Kwa ukuta mnyoofu kamba mbichi ni sawa, unaipiga mara moja umemaliza. Ni duara ndilo linataka muda." Sasa tumepata waya wa ua wa zamani. Haurefuki wala haupungui, na tumejaribu kwenye kona ya uwanja, mstari umekutana na mkia wake.

Lakini mwalimu mkuu hataki kushuka tena. Anasema alichokiona kinatosha. Nilimwomba ruhusa ya kuwasha moto kidogo kama wa khalifa, kwenye malango tu, akanitazama kama niliyemwomba nichome shule. Muhula unafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nina watoto walioamka, Babu, wamejaa Baghdad hadi masikioni, na mtu wa kuliona hilo hataki kutazama. Nifanye nini?

Mjukuu wako.

*

Tarehe 8 Aprili

Kwako wewe Chiriku, na huyo Wakili wako,

Amani ya Mungu iwe juu yenu. Huku wazima. Paka amehama ndoo. Ufunguo ulikuwa kwenye unga. Shangazi yako ana mdomo usio na kufuli, angenunua la hapo kwanza. Uwanja wangu una mwinuko upande wa choo, kila fundi anajua mwinuko unaharibu kipimo, kwa hiyo yale aliyoyaona hakuyaelewa. Nilikula pia. Nilikula kidogo.

Waya ni mzuri. Nilikuwa niuandike.

Sasa sikiliza, maana nimekaa nikifikiri, na nikifikiri mimi huwa kuna kitu kinatoka. Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi ya jirani, ndiyo, nimekwenda kumrekebishia paa lake, nimechoka kumsikia akikohoa na sufuria yake. Kutoka juu pale nikatazama uwanja wangu. Na yale majivu ambayo nikiwa chini niliyaona vumbi tu, kutoka juu niliona chumba. Niliona ua. Mtu angeweza kuniambia weka mlango hapa, nikaelewa.

Nimewajengea watu nyumba umri wangu wote. Ukimpa mwenye nyumba ramani ataigeuza juu chini, atasema nzuri sana fundi. Ukimvutia kamba chini atakuuliza jiko liko wapi naye amesimama jikoni. Ukuta ukifika kiunoni ndipo anapiga yowe, mbona chumba kidogo hivi, vunja! Tumevunja mno kwa sababu ya watu wasioweza kuona kitu kabla hakijasimama. Si wajinga. Hawana jicho hilo tu, jicho hilo ni letu.

Basi yule khalifa alikuwa mwenye nyumba. Moto ule haukuwa wa mafundi, mafundi walikuwa na kamba zao. Ulikuwa wake yeye. Aliona mji wake umesimama kabla ya tofali la kwanza, na kama angetaka kusema vunja, angevunja moshi tu. Huyo mtu alikuwa na akili. Mafuta hayakuharibika. Waambie watoto nimekubali hilo la moto. La imamu bado.

Mwalimu mkuu wako naye ni mwenye nyumba. Umemsimamisha chini karibu na majivu ukataka aone Baghdad. Hawezi! Usimwombe ashuke. Uliniandikia zamani ofisi yake iko ghorofani na dirisha lake linatazama uwanja. Mwache huko huko. Mwekee mji chini ya dirisha lake. Moto wamekukataza, tafuta kitu kingine kinachowaka. Wewe ndiye mwalimu, hilo nakuachia.

Babu yako, ambaye bado anapanda ngazi, hata wakisema nini.

*

Tarehe 30 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba. Wote wazima huku. Mwenye nyumba ameleta fundi wa bomba, kwa hiyo mambo yote sasa yanawezekana duniani.

Sikiliza yaliyotokea leo.

Barua yako niliisoma darasani, nikawauliza, tuna kitu gani kinachowaka bila moto? Wakasema vioo, wakasema makaratasi, mmoja akasema gunzi la mahindi, sijui kwa nini. Wakili akatazama shati lake. Mashati yao ni meupe, Babu. Shule nzima.

Nilikwenda darasa kwa darasa kuomba watoto. Niliogopa sana mlango wa mwalimu wa hesabu, lakini yeye ndiye aliyetoa darasa zima bila kuuliza, akasema, "Mimi sitaki hivyo vipindi vyako, nina vyangu vinanitosha. Chukua watoto." Asubuhi wanafunzi wangu walizungusha waya, wakamwaga majivu, mkia ukakutana na kichwa. Kisha watoto wakakaa juu ya mstari, bega kwa bega, mgongo nje. Tukaacha nafasi nne za malango, na kutoka kila lango safu ya watoto ikanyooka kwenda mbali, ndiyo njia.

Hatukumwita. Wakili alisimama lango la Khurasan akapaza ile sauti yake: "Karatasi kutoka Samarkand! Fungueni, tuna vitabu vya kuandika!" Lango la Sham wakajibu, "Vioo! Vioo!" Basra wakaleta viungo kutoka baharini. Kufa wakapiga kelele kwamba mahujaji wanatoka, wapisheni.

Dirisha likafunguka. Mwalimu mkuu akatokeza na miwani mkononi. Akaivaa, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akauliza kutoka juu, "Nyie wa upande ule, kwa nini lango lenu linatazama huko?"

Hakuniuliza mimi, Babu. Aliwauliza wao. Na wakamjibu, yule mtoto aliyekuwa akilala dawatini ndiye aliyejibu, njia ile inakwenda wapi na inaleta nini. Akauliza jingine. Akauliza katikati kuna nini, mbona peupe. Mwisho akasema, "Subirini, nakuja," akashuka ngazi mbio na suti yake.

Alipofika ukutani akataka kupita tu katikati ya watoto. Wakili akamzuia. "Mwalimu mkuu, huo ni ukuta. Mlango uko kule."

Mwalimu mkuu akageuka, akazunguka ukuta wote hadi lango la Basra, akaulizwa ana bidhaa gani, akatoa kalamu mfukoni akalipa nayo, akaingia.

Jioni aliniita. Ratiba mpya ilikuwa mezani. Akaigeuzia upande wangu, akasema, "Darasa la saba A nao wanalia wanataka Baghdad. Utaweza yote mawili?"

Nilisema naweza. Nilisema kwa sauti yako, kusema kweli.

Mjukuu wako, mwalimu wa historia.

*

Tarehe 12 Mei

Kwako mwalimu wa historia wa madarasa mawili,

Nimepata barua. Shangazi yako aliisoma kwa sauti uani, jirani akaisikia, fundi viatu akaisikia, baadaye nikamsomea mtu wa posta kwa sababu ndiye aliyeileta na ana haki. Wote wameelewa kwamba mji ule umesimama kwa akili yangu. Sehemu ya mashati ni yako. Sehemu ya waya ni ya Wakili, mpe mkono wangu, mwambie akikosa kazi ya uwakili aje nimfundishe kushika mwiko, anafaa.

Kila fundi anayepita sasa namweleza habari ya khalifa na moto wake. Wengine hawaamini. Naona uchungu kidogo mtu anapokataa kitu ambacho hajakisoma.

Mwaka huu sijaona kitu kilichonikaa kichwani kama mji huo. Nimeuchora nyuma ya bahasha zako zote. Kuna jambo nimelizungusha halitoki. Ukuta nimeujenga, malango nimeyaweka, kasri na msikiti nimevisimamisha, watu nimewaingiza. Sasa wana kiu. Mto uko nje, wao wako ndani ya duara, na ukitoboa ukuta kupitisha mfereji umemfungulia adui mlango wa tano. Walifanyaje? Usiniambie haiko kwenye kitabu, tafuta kingine. Usiulize fundi yeyote wa huku, nimekwisha kuwauliza, hawajui, na mimi pia sijui.

Uniandikie upesi. Safari hii salamu ziweke mwisho. Anza na maji.

Babu yako.